Simu iliibwa usiku, siku mbili baadaye salio halipo: nianzie wapi?

"Habari mtaalamu. Wiki tatu zilizopita wezi walituibia usiku hapa Tabata, Dar es Salaam. Mlango haukuvunjwa. Asubuhi tulikuta wavu wa dirisha la chumbani umechanwa, na simu yangu pamoja na pochi vilivyokuwa juu ya kimeza havipo. Kwenye pochi kulikuwa na kitambulisho cha taifa na kadi ya benki. Tulilala fofofo, hatukusikia chochote, majirani wanasema tulipuliziwa dawa. Nilikaa siku mbili bila kurudisha laini kwa sababu sikuwa na kitambulisho. Niliporudisha nikakuta pesa zote zimetolewa, nadaiwa mkopo wa simu ambao sikukopa, na mtu ameingia WhatsApp yangu akaomba pesa kwenye kikundi chetu cha kikoba, na mimi ndiye mweka hazina. Wanachama wawili walituma. Simu ilikuwa imefungwa kwa namba ya siri, waliwezaje kuihaki? Nimepiga *106# nikaona namba nisiyoijua imesajiliwa kwa jina langu. Juzi kanipigia kijana akisema ni wa huduma kwa wateja, kaniita kwa majina yangu yote matatu, eti watanirudishia pesa. Nilikata simu lakini naogopa. Mume wangu anamshuku dada wa kazi. Je, nibadilishe namba ya NIDA? Tuweke kamera? Nisaidie, siku hizi silali."

Pole sana, dada yangu. Ninavyokusoma, hofu yako kubwa imeshapita zile pesa. Unahisi kuna mtu anakujua kuliko unavyojijua, ameshika simu yako, jina lako, kitambulisho chako, na pengine yumo humo humo ndani ya nyumba. Nadhani hali yako si mbaya kiasi hicho. Katika uliyoyaeleza naona matukio mawili, labda matatu, yaliyofanywa na watu tofauti kwa nyakati tofauti. Yamekufikia kwa pamoja ndiyo maana yanaonekana kama mpango wa mtu mmoja. Tukiyatenganisha, kila moja lina dawa yake.

Nianze na hilo la kupuliziwa dawa, kwa sababu linawanyima watu wengi usingizi. Dawa ya usingizi ya hospitalini hutolewa kwa kipimo, mgonjwa akiwa amewekewa kifaa usoni, na daktari anamwangalia muda wote asije akaacha kupumua. Kuimwaga dirishani kwenye chumba kinachopitisha hewa, ikawalaza watu wazima wawili bila kuwaamsha kwa harufu wala kuwaua, haiwezekani hivyo. Madai kama haya yalienea pia Ulaya, kwa watu wanaolala kwenye magari ya safari, na chama cha madaktari wa usingizi cha Uingereza, Royal College of Anaesthetists, kilitamka wazi kwamba huwezi kumlaza mtu kwa kupuliza dawa hizo dirishani bila yeye kujua. Mlilala kwa sababu ilikuwa usiku wa manane, mmechoka, na feni labda ilikuwa inavuma. Mwizi hakuingia ndani. Wavu wa mbu unachanika kwa wembe bila kelele, kisha fimbo ndefu yenye waya uliokunjwa ncha inapita katikati ya nondo za grili, inanasa pochi kwa mkanda wake na simu kwa waya wa chaji. Ni kazi ya dakika chache. Grili imara humzuia mtu asipite, lakini mkono na fimbo vinapita.

Sasa swali lako la msingi: simu imefungwa, waliwezaje? Hapa ndipo wengi wanapokosea, na mtandaoni utaambiwa mambo mengi ya "kuhaki". Kwa dalili ulizotaja, hakuna aliyehitaji kuifungua simu yako. Alichomoa laini akaiweka kwenye simu nyingine. Namba ya siri uliyoweka inalinda simu, yaani picha, meseji za zamani na programu zilizomo. Hailindi laini. Laini ikishakaa kwenye simu yoyote, kwa mtandao mwenye laini hiyo ndiye wewe, na meseji zako zote zinaingia huko.

WhatsApp inamtambua mtu kwa namba ya simu. Mwizi alipakua programu, akaandika namba yako, tarakimu sita zikaja kwa meseji kwenye laini aliyoishika, akaingia. Barua pepe na programu nyingi za benki nazo, ukisema umesahau neno la siri, hupitishia uthibitisho kwenye laini hiyo hiyo. Ukilielewa hili moja utaelewa kwa nini kila ushauri nitakaokupa unaanzia kwenye laini.

Kuhusu pesa za simu kuna jambo nakuomba ulijibu mwenyewe moyoni, usiniandikie. Je, namba yako ya siri ya akaunti ya pesa ilikuwa mwaka wako wa kuzaliwa? Namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa: mwaka, mwezi, siku. Mtu aliyeshika kitambulisho chako anajua mwaka wako wa kuzaliwa, siku na mwezi wako. Mfumo unampa majaribio machache kabla ya kufunga akaunti, lakini mwaka wa kuzaliwa ndio jaribio la kwanza la kila mwizi. Kama haikuwa hivyo, bado alikuwa na njia ya kudai amesahau namba ya siri, kwa kuwa maswali yanayoulizwa mara nyingi ni yale yale yaliyoandikwa kwenye kadi. Pochi na simu vilipokaa pamoja juu ya kimeza, mwizi alipata kufuli na ufunguo wake kwa mkupuo mmoja.

Zile siku mbili ndizo zilizoniuma nilipokusoma. Kurudisha laini hakukuhitaji kadi mkononi. Tangu usajili wa alama za vidole ulipoanza Mei 2019, kinachokutambulisha ni namba ya NIDA pamoja na kidole chako. Wenye namba tu, ambao hawajapata kadi, wanasajili laini kila siku. Hata kabla ya kufika dukani ungeweza kuazima simu ya jirani mwenye mtandao kama wako, ukapiga 100, ukaomba laini na akaunti ya pesa vifungwe papo hapo. Sisemi haya kukulaumu, hakuna aliyekufundisha. Iandike namba ya NIDA kwenye daftari linalokaa nyumbani, na ya mumeo pia, na watoto wakubwa wajue daftari liko wapi.

Laini umeisharudisha, kwa hiyo mwizi hana tena mlango mkuu. Ila kagua kama hakuacha dirisha wazi. Kwenye WhatsApp, fungua mipangilio uangalie vifaa vilivyounganishwa, uondoe vyote usivyovijua, kisha weka uthibitishaji wa hatua mbili wenye namba yako ya siri ya tarakimu sita na barua pepe ya kuirejesha. Kama programu inakudai namba ya hatua mbili ambayo hukuiweka, basi mwizi ndiye aliyeiweka. Usihangaike na wanaodai kuifungua kwa malipo. Ulipoingiza tarakimu zilizokuja kwenye laini yako yeye alitupwa nje, na baada ya siku 7 utaingia bila hiyo namba. Barua pepe nayo ibadilishie neno la siri, utazame kama namba au anwani ya kurejeshea akaunti haijachezewa. Kadi ya benki sitaki kudhani umeshaifunga. Kama bado, acha kusoma, wapigie benki sasa hivi.

Kisha weka kinga ambayo watu wengi hawaijui ingawa imo kwenye karibu kila simu: namba ya siri ya laini yenyewe. Ukiiwasha, laini ikihamishiwa simu nyingine inakataa kufanya kazi mpaka namba hiyo iingizwe. Ina usumbufu wake, nakiri, maana kila unapoizima na kuiwasha simu itakudai. Na usiibahatishe. Namba ya kuanzia iko kwenye ile kadi ya plastiki ambamo laini yako ilitolewa, au uliza duka la mtandao. Ukikosea mara tatu itadai PUK, yaani namba ya kuifungulia laini, na PUK ukikosea mara kumi laini inakufa kabisa. Kwa mama mzee anayesahau sahau singeipendekeza. Kwako wewe uliyeshika pesa za kikundi, naiona ni lazima.

Tuje kwenye ile namba usiyoijua. Kidole chako hakikuwa kwenye pochi, na laini mpya haisajiliwi bila kidole. Ndiyo maana siamini kwamba wezi wa dirishani ndio walioisajili. Kumbuka ile foleni ya kusajili laini upya, kabla ya siku ya mwisho ya tarehe 20 Januari 2020, au siku yoyote uliyonunua laini kwa kijana mwenye mwavuli barabarani. Ulibonyeza kidole, akakuambia hakijasoma, mama, weka tena. Ukaweka. Mara nyingi ni kweli hakijasoma, hasa kwa wanaofua na kulima. Lakini wapo mawakala wasio waaminifu ambao kila "weka tena" ilikuwa laini nyingine kwa jina la mteja, baadaye ikauzwa kwa mtu anayetaka namba isiyo na mwenyewe. TCRA, mamlaka ya mawasiliano, imekuwa ikiwaonya wananchi kuhusu mchezo huo. Pengine namba hiyo ilikuwepo miaka mingi, wewe umeiona sasa kwa kuwa ndipo ulipoangalia.

Usiiache hata hivyo, kwa sababu ikitumika kwenye utapeli, jina la kwanza polisi watakaloliona ni lako. Nenda mwenyewe kwenye duka la mtandao husika, siyo kwa wakala wa mtaani, ukane namba hiyo na ifutwe kwenye usajili wako. Omba uthibitisho wa maandishi wenye tarehe. Usijaribu kuipigia ili umjue anayeitumia. Baada ya hapo piga *106# kila baada ya miezi michache, na siku nyingine wakala akikuambia weka kidole tena, uliza kwanza skrini yake inasema nini.

Kuhusu namba ya NIDA, hapana, haibadilishwi, ni yako maisha yote. Kadi ndiyo inayotolewa upya baada ya kuripoti upotevu polisi. Najua inatisha kufikiri namba hiyo iko mikononi mwa mwizi, lakini fikiria imekwisha kupita wapi: nyumba za wageni, duka la kutoa kopi, benki, mwajiri, mwenye nyumba. Haikuwahi kuwa siri. Usalama wako unatokana na kidole chako, na namba za siri ambazo hazifanani na kitu chochote kilichoandikwa kwenye kadi. Unachoweza kupunguza ni kusambaa kwa picha ya kadi yenyewe. Usiitume kwa programu za mikopo ya haraka usizozijua. Novemba 2024 Benki Kuu ilitaja programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha bila leseni, na wanaoingia huko huacha picha ya kitambulisho, picha ya uso na orodha nzima ya majina kwenye simu zao. Mtu akikulazimisha umpe taarifa zako bila sababu, au akazisambaza, siku hizi tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na ipo tume ya kupokea malalamiko.

Yule kijana aliyekupigia ndiye anayenipa wasiwasi kuliko mwizi wa fimbo. Ulifanya vizuri sana kukata. Majina yako matatu hayathibitishi chochote. Mtu yeyote akianza kutuma pesa kwenye namba yako, jina ulilosajilia linamtokea kabla hajathibitisha, na anaweza kughairi pale pale bila kutumia hata shilingi. Akishakutaja kwa jina kamili, unamwamini, na hapo ndipo anakuelekeza "bonyeza hiki, ingiza kile, tukurudishie muamala". Kumbe hatua anazokusomea ni za kutuma pesa, na "namba ya kumbukumbu" anayokutajia uingize ndiyo kiasi. Au anakuomba umsomee tarakimu zilizoingia kwa meseji. Mitandao yetu humpigia mteja kwa namba 100, na mhudumu halisi hana haja ya namba yako ya siri. Aliyeibiwa hutafutwa tena kwa sababu ana hasira, ana aibu, na ana matumaini. Tarajia pia meseji ya kiungo inayosema simu yako imeonekana Kariakoo, ingiza barua pepe na neno la siri uione ilipo. Usibonyeze. Simu yenye akaunti yako ndani yake ni ngumu kuuza, wanachotaka ni uwafungulie. Kwa sababu hiyo hiyo, usiiondoe simu hiyo kwenye orodha ya vifaa vya akaunti yako. Meseji za namna hiyo, pamoja na zile za "ile hela tuma kwenye namba hii", zipeleke kwa meseji kwenye namba 15040. Utajibiwa uingize namba iliyokutumia.

Sasa pesa, na hapa nitakuambia ukweli usioupenda. Pesa ikishatolewa kwa wakala, kuipata tena ni nadra. Ikiwa bado imekaa kwenye akaunti ya aliyepokea, mtandao unaweza kuizuia, lakini hilo ni suala la saa chache, nanyi mna wiki tatu. Bado fuatilia, kwa sababu aliyetoa pesa alifanya hivyo kwa laini fulani, kwa wakala fulani, saa fulani, na kumbukumbu zipo. Wale wanachama wawili waripoti kila mmoja muamala wake, maana mtumaji ndiye mlalamikaji.

Ule mkopo ni jambo la haraka zaidi. Mikopo ya namna hii hujilipa yenyewe, shilingi yoyote inayoingia kwenye akaunti inakatwa. Usipokee pesa kwenye laini hiyo mpaka ufungue lalamiko rasmi kwamba mkopo ulichukuliwa laini ikiwa imeibwa, ukiambatanisha namba ya RB, ile ya taarifa uliyoandikisha polisi. Kama deni ni dogo na gharama zinaongezeka kila siku, binafsi ningelilipa huku lalamiko likiwa limeandikwa, kuliko kusubiri haki huku jina langu likichafuka kwa wakopeshaji. Kama ni kubwa, usilipe kabla hujapata jibu la maandishi.

Na kikoba chako, usikimbie kikao. Nenda na karatasi ya polisi, waeleze kama ulivyonieleza mimi, tena mapema kabla maneno hayajaanza kuzunguka. Pendekeza kwamba kuanzia sasa hakuna pesa inayotumwa kwa ombi la meseji, hata likitoka kwa mweka hazina. Mtu apige simu asikie sauti, na namba ya kupokelea ikibadilika itangazwe kikaoni ana kwa ana.

Nyumbani, kabla ya kamera hamisheni vitu. Chaji iwe upande wa ukuta usio na dirisha, pochi ndani ya kabati, na kitambulisho kisilale mahali pamoja na simu. Fundi wa grili anaweza kuongeza wavu wa chuma wenye matundu madogo ndani ya nondo, ambao wembe hauuchani na fimbo haipiti. Hilo ningelifanya kwanza. La pili ni taa ya nje upande wa dirisha hilo, na kukata mti au kuondoa tofali zinazomsaidia mtu kusimama. Kamera ina faida yake, lakini kazi yake kubwa ni kukuonyesha aliyekwisha kukuibia. Umeme ukikatika inazima isipokuwa ina betri, na zile za bei nafuu zinazounganishwa na intaneti huja na neno la siri la kiwandani ambalo watu wengi hawalibadilishi, hivyo mtu wa mbali anaweza kukutazama sebuleni kwako. Ukinunua, libadilishe siku hiyo hiyo, na usiiweke chumbani.

Dada wa kazi: katika yote uliyoniandikia sijaona hata jambo moja linalomgusa. Wavu umechanwa, mlango haukufunguliwa, na vilivyochukuliwa ni vile tu vilivyoweza kufikiwa kwa fimbo. Mtu wa ndani asingehitaji kuchana wavu. Wasichana hawa hupelekwa kituoni kwa tuhuma, wakafukuzwa bila mshahara, na hakuna anayewaomba radhi. Naomba umsomee mumeo aya hii kabla hajamwambia neno lolote.

Kuna mambo simu haiwezi kuyamaliza. Wiki hii nenda kituo cha polisi, na kama RB uliyopewa imeandika tu "kupotelewa na simu", omba maelezo yako yaandikwe upya yakitaja wizi, pesa zilizotolewa, na mtu kujifanya wewe, kwa sababu Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inalitambua hilo kama kosa linalojitegemea. Beba taarifa ya miamala ya siku zile mbili, ambayo duka la mtandao litakuchapishia, picha za mazungumzo ya kikundi, na namba ya IMEI ya simu yenye tarakimu 15, iliyoko kwenye boksi lake, ili simu yenyewe iweze kufungiwa. Mjulishe na mwenyekiti wa serikali ya mtaa, kwani mwizi wa fimbo haishii nyumba moja, na ulinzi shirikishi unahitaji kujua uchochoro anaopitia. Mtandao ukikuzungusha kuhusu ile namba au ule mkopo, andika barua, baki na nakala iliyogongwa muhuri, kisha peleka lalamiko TCRA. Kwa benki, mlango ni Benki Kuu.

Na kuhusu kukosa usingizi, kama ukifika wiki nyingine mbili bado unaamka usiku kusikiliza dirisha, muone daktari au mshauri nasaha pale hospitali ya wilaya. Kuibiwa ukiwa umelala kunaacha hofu mwilini, na hofu hiyo inatibika.